Mjomba Asiyetaka Mkono wa Pili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuunganisha waya ndani ya helikopta za mfano, fundi wetu mkuu wa umeme, ambaye sote tunamwita Mjomba, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Ni mapumziko yanayostahili, kwake na kwetu.

Kwa wageni wasiotufahamu, karakana yetu huunda na kutengeneza helikopta ndogo zinazoongozwa kwa rimoti. Wateja wetu ni vilabu, vyuo vya ufundi, na wanaume wenye nafasi ambao wake zao hudhani helikopta ni ya mtoto. Tumbo la helikopta moja halizidi kiatu cha mtu mzima, na ndani yake lazima vikae betri, kipokezi cha mawimbi, kidhibiti cha mota, vimota vya kuongozea viitwavyo servo, na waya wa kuviunganisha vyote visigombane. Humo ndimo Mjomba alimoishi maisha yake ya kazi, na kuna walioona kwamba hata akija mkutanoni huwa bado hajatoka.

Mimi ndiye mkaguzi wa karakana. Nimepewa niandike wasifu huu kwa sababu, nimeambiwa, namfahamu Mjomba kuliko wengine. Ukweli ni kwamba wengine waliogopa.

Tuanze na sifa, maana anazo, na akizikosa humu atakuja kuziulizia. Waya za Mjomba ni nzuri kuliko nguo za baadhi yetu. Hazining'inii, hazivutiki, hazigusi gia. Zinapopita kwenye ukingo mkali huvishwa mpira zisichubuke, na antena za kipokezi hukaa mbalimbali kama ndugu waliogombana kwenye msiba. Nusu ya mafundi wetu wamejifunza kulehemu mbele yake, na wote wanaweza kuiga jinsi anavyoguna akiona risasi ya kulehemia imerundikana kwenye kiungo. Wateja huja wakimuulizia yeye kwanza, na meneja baadaye kama kuna muda.

Tatizo ni kwamba Mjomba anazijua sifa hizi vizuri mno.

Karakana yetu ina desturi iitwayo mkono wa pili. Aliyefunga waya hakagui waya wake. Anarudi nyuma hatua chache, anakuja mwingine, anavuta kila plagi, anachezesha vijiti vya rimoti, anautikisa mkia, na akiridhika anafunga uzi mwekundu kwenye mguu wa helikopta. Bila uzi huo hakuna kuruka. Desturi hii haikutoka mbinguni. Ilitoka kwenye paji la uso la mteja mmoja, ambalo lina kovu mpaka leo.

Mjomba aliichukulia desturi hiyo kama tusi la kifamilia. Alipoambiwa kidole kimoja hakivunji chawa, alijibu kwamba yeye hana chawa. Kauli yake maarufu ilikuwa, "Waya zangu hazikaguliwi. Zinatazamwa tu, kama bibi harusi." Mbinu zake za kunikwepa zingetosha kuendesha vita vidogo. Alinikabidhi kazi dakika niliyoshika kijiko cha chakula cha mchana. Alifunga kifuniko kwa gundi badala ya skrubu. Siku aliyokwenda kung'oa jino aliifungia helikopta ya mteja kabatini, akaenda na ufunguo, na mteja akakaa kwenye benchi letu tangu asubuhi akimwombea fundi wake apone haraka.

Na je, kazi zake zilikuwa na makosa? Mara chache sana, lakini zilipokosea zilikosea hadharani. Kuna siku aliunganisha betri mezani bila kuchomoa kwanza waya za mota kubwa, jambo ambalo yeye mwenyewe huwafokea wanagenzi kila Jumatatu. Mapanga ya juu ya helikopta yakaamka, yakalishika pazia la ofisi ya meneja na kulifanya kamba. Mjomba alitoa maelezo kwamba pazia lilikuwa karibu mno. Siku nyingine, kwenye maonyesho ya chuo kimoja, helikopta yake ilipaa vizuri, ikatulia, kisha ikashuka kwenye bustani ya maua ya mkuu wa chuo kama mtu aliyechoka ghafla. Plagi ya servo moja haikuwa imeingia hadi mwisho. Mjomba alilaumu upepo. Upepo wa siku ile haukuweza hata kufunua ukurasa wa ratiba.

Nayasema haya kwa sababu yanawahusu ninyi mliokaa hapa leo. Kwenye programu mliyoshika mmeona kipengele cha Mjomba kurusha helikopta yake ya mwisho juu ya wageni. Ameiunganisha mwenyewe, peke yake, kwa wiki kadhaa, akiifunika kitambaa kila nilipopita. Safu ya mbele wameketi mkewe na wajukuu zake. Nilimwambia mapema kwamba bila mkono wa pili haitaruka. Akasema basi haitaruka, na yeye haji, keki tule wenyewe.

Meneja aliniita pembeni kunibembeleza. "Dada, mwache leo tu. Mtu anastaafu mara moja." Ni kweli, na jicho nalo hutoka mara moja. Nilipokataa, alinisifu kwa msimamo wangu, kisha akaagiza kiti chake kihamishiwe karibu na mlango.

Wiki nzima hatukusalimiana. Mafundi walikuwa wakitupitishia chumvi na ujumbe. Sikupenda hata kidogo. Mtu aliyenifundisha kushika kifaa cha kulehemu bila kujiunguza alikuwa anaondoka akiniona adui, na mimi nilikuwa namwondolea kitu pekee alichokiomba. Nililala vibaya, nasema wazi. Lakini kila nilipokaribia kulegea niliwaona wale wajukuu wamenyanyua nyuso juu, na wajukuu hao hawajui neno kukwepa.

Jana asubuhi, wakati programu hii inasubiriwa na mchapaji na ukurasa huu haujafungwa, Mjomba alikuja na kitambaa chake. Akaiweka helikopta mezani kwangu, akaifunua, akageuka kutazama dirishani kama mtu anayechomwa sindano.

Nilivuta plagi moja moja. Hakuna iliyocheza. Nikasukuma vijiti, servo zikaitika. Kazi ilikuwa safi mpaka nikaanza kuona haya. Halafu nikaisukuma pua ya helikopta kwa mkono kuelekea kushoto, kujaribu jairo, kile kidude kidogo kama kiberiti ambacho kazi yake ni kuuzuia mkia usizunguke wenyewe. Pua ikisukumwa huku, mkia unatakiwa upinge na kuirudisha. Mkia wa Mjomba haukupinga. Ulinisaidia kusukuma. Jairo ilikuwa imepangwa kinyume. Helikopta ingenyanyuka kidogo tu, ingezunguka kama pia, na isingechagua pa kuangukia.

Siku hiyo nilikuwa nimeingoja kwa miaka. Maneno ya kumwambia nilishayapanga, na mengine yalikuwa na vina. Ilipofika, niliona mgongo wa mzee tu pale dirishani, nikasikia huruma. Nikamwambia kwa kifupi. Alikuja, akausukuma mkia mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akasema alikuwa ananipima.

Basi iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za karakana: Mjomba alikuwa ananipima, na mimi nimefaulu. Meneja, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kama kawaida yake ya siku hizi, aliusifu mtihani kwa ugumu wake.

Nikabadilisha mpangilio wa jairo. Nilipochukua kifuniko nikifunge, Mjomba alinishika kiwiko.

"Angalia tena," akasema.

Alisema polepole, na hakunitazama. Maneno hayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake tangu niingie karakana hii. Nikaangalia tena, plagi moja moja, kutoka mwanzo. Safari hii hakwenda dirishani. Aliinama hapo hapo kando yangu, miwani puani, akinionyesha kwa kidole waya ambazo huenda nimezipita, mpaka nikafunga uzi.

Mjomba, kwa niaba ya karakana nzima, pamoja na pazia na maua ya mkuu wa chuo, ahsante. Ahsante kwa mikono uliyotufundisha, kwa miguno yako, na kwa jana. Uishi miaka mingi yenye afya na furaha. Na huko nyumbani ukishika waya, tafadhali, muite mtu.