Nusu Saa Mlangoni kwa Bi Riyama

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaykum. Ni mimi Nadra Abrahman, na leo sauti yangu mnivumilie, kwa sababu ninayemkumbuka nilimpenda.

Bi Riyama Jecha alizikwa wiki tatu zilizopita, Jumatatu, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Moyo wake ulisimama akiwa jikoni kwake Michenzani, anachuja tui. Hayo mnayajua. Na mnajua pia kwamba jeneza lilikuwa tayari, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi za jumba, na maiti hakutoka. Nusu saa nzima. Mji ukasema, maana mji wetu huu haukosi la kusema. Leo nitakwambieni kilichotokea ndani ya ile nusu saa. Lakini ili mkielewe, lazima turudi nyuma miaka sita, kwenye nyumba moja Mkunazini.

Kwanza ijueni kazi yake. Bi Riyama alikuwa fundi sanifu wa maabara, huko Tunguu, kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa akitafuta protini kwenye ubongo. Siku ya kwanza nilipomleta hapa studio nilimwambia, "Bi Riyama, jina la protini yako litanivunja meno." Inaitwa alfa-sinukleini. Akacheka, akanambia, "Basi sema tu protini inayojiviringa." Kila mmoja wetu anayo kichwani, wala haimdhuru. Ila kwa baadhi ya watu hujiviringa ikawa vidonge vidogo ndani ya ubongo, na mtu huanza kutetemeka, kusahau, kuwaona wasiokuwepo.

Kwa macho huioni. Ndipo zinapokuja kingamwili. Mwili wako hutengeneza kingamwili za kupambana na maradhi. Hizi za maabara zimetengenezwa zishike kitu kimoja tu, ile protini ikishajiviringa. Alinieleza hivi: "Mtume mtu sokoni Darajani akamtafute ndugu yake. Atawapita wote, hamgusi hata mmoja. Akimuona wake, anamshika mkono hamwachi. Mie namvisha yule mtu nguo ya kahawia. Penye kahawia, ndugu yupo." Basi anakata kijipande cha ubongo, chembamba kuliko karatasi. Anakibandika kwenye kioo, anamimina kingamwili, anasuuza, anatazama kwa hadubini. Hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa twende Mkunazini.

Mzee Mjaka alikuwa fundi saa. Siku moja aliifungua saa ya mteja na hakuweza kuirudisha. Vipande vilikaa mezani wiki nzima, vimefunikwa gazeti, kwa aibu. Kisha akaanza kuwaona watoto wamekaa kwenye ngazi, anawakaribisha chai. Watoto hawakuwepo. Mkono ukaanza kutetemeka. Na nyumbani alikuwa na mke, Bi Mize, aliyemuoa baada ya mama wa wanawe kufariki. Ndoa ilikuwa na miaka minne. Bi Mize ni mpishi hodari, na hodari wa kupika ana bahati mbaya pale mume anapoumwa, maana mji ulisema neno moja tu.

Kalishwa.

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Kalishwa. Yaani mke kamtilia kitu kwenye chakula. Hafiz, mtoto mkubwa wa Mzee Mjaka, aliacha kula chochote ndani ya nyumba ile. Hata maji ya kunywa alikuja nayo kwenye chupa. Bi Mize akawa anapika, sufuria inarudi kama ilivyotoka.

Mzee Mjaka alikuwa na saa zake za kuwa sawa. Katika saa moja kama hiyo alimsikia Bi Riyama hapa redioni, akamwita nyumbani. Mbele ya mashahidi wawili akausia: "Nkifa, kitazameni kichwa changu. Mke wangu hajanifanya kitu."

Alifariki Alhamisi asubuhi. Maziko yakapangwa baada ya adhuhuri. Bi Riyama akafika na daktari, na mlangoni amesimama Hafiz.

"Baba'angu hakatwi."

"Hakatwi, mwanangu. Ni sindano, chini ya kisogo. Mfupa hauvunjwi, mshono haupo. Na huu ni wasia wake."

"Mumchezee maiti kwa ajili ya yule mwanamke?"

Maji ya kumuoshea mzee yalikuwa yameshatiwa kwenye ndoo. Waoshaji wanasubiri. Sheikh wa mtaa akaitwa, akasikiliza pande zote mbili. Akauliza, mfupa unavunjwa? Hapana. Wasia una mashahidi? Unao. Akasema, "Aliyekufa ana heshima yake, na aliye hai ana yake. Fanyeni, na fanyeni haraka." Dakika ishirini tu. Alichotoka nacho Bi Riyama ni kijipande sawa na punje ya mchele.

Hafiz alimfuata mpaka nje. "Siku ya hitma ya arubaini utakuja hapa, utuambie mbele ya watu. Ukiwa huna jibu, sie tunalo letu." Na jibu lao lilijulikana. Eda ya Bi Mize ikiisha, miezi minne na siku kumi, atatoka nyumba ile na jina la mchawi, na litamfuata hata ahamie wapi. Yeye yumo ndani ya eda, hatoki, hawezi hata kwenda kwa watu kujitetea. Anasikia tu kupitia pazia.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa Bi Riyama alikosea. Alikosea, na yeye mwenyewe alinambia nisilifiche. Kwa haraka ya arubaini alisuuza vioo mara mbili badala ya mara tano. Alipotazama, kila kitu kilikuwa kahawia. Kila kitu! Hata kuta za mishipa ya damu, ambako protini ile haitarajiwi kukaa. Kingamwili zilikuwa zimemshika kila mtu sokoni. Na hakuwa na kioo cha shahidi. Kioo cha shahidi ni kijipande cha ubongo wa mtu asiyeumwa, unachokipitisha pamoja na cha mgonjwa, hatua kwa hatua. Shahidi akitoka safi, kipimo kimesema kweli. Shahidi akitoka kahawia, kipimo kimesema uongo. Unguja nzima hakikuwepo hata kimoja. Nani atoe ubongo wa mzima?

Kahawia anayo. Angeweza kuibeba ile kahawia mpaka Mkunazini, na nani angejua? Bi Mize alimshika nguo nyuma ya pazia, kabla hitma haijaanza. Bi Mize mwenyewe amenisimulia: "Nlimwambia, dada'angu, sema tu ndiyo. We sema ndiyo, mie nipone. Akanambia, 'Mize, nkisema ndiyo leo na sijui, siku ntayojua nani ataniamini?' Nlimchukia. Wallahi nlimchukia."

Hitma ikasomwa. Bi Riyama akasimama mlangoni mwa ukumbi, watu wote wameinua macho. Akasema neno moja.

"Sijui."

Mtu mmoja akacheka. Hafiz akasema, "Basi tumeshajua."

Zilibaki siku tisini. Na kwenye ile punje ya mchele vilibaki vijipande viwili tu vya kukata. Bi Riyama akaandika barua bara, kuomba kioo cha shahidi. Hakujibiwa. Akaandika tena. Akavuka mwenyewe, akakaa kwenye benchi la hospitali siku tatu na mkoba mapajani. Shahidi akapatikana siku ya mia na kumi na tisa ya eda. Binti yake, Tahiya, ndiye aliyemsindikiza Tunguu siku ya kupima. Tahiya ni mwalimu, kazi ile haijui, lakini alisema mama yake alihitaji mtu wa kumhesabia.

"Nlihesabu kwa sauti," Tahiya amenambia. "Suuza ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Akaweka cha shahidi kwanza. Nkauliza, vipi mama? Akasema, 'Safi.' Akaweka cha Mzee Mjaka. Akakitazama pembe kwa pembe. Kisha akainuka kwenye kiti, akanambia, 'Njoo utazame na we, wasije wakasema nimeota.' Nkaona viduara vya kahawia, vingi, vimejitenga kila kimoja peke yake."

Siku tatu kabla ya eda kuisha, Bi Riyama alirudi Mkunazini. Akaieleza familia. Hafiz hakuwa mtu wa kushindwa kwa urahisi. Akauliza, "Na hivyo viduara kavitia nani?"

"Havitiwi, mwanangu. Hujifanya vyenyewe, pole pole, miaka kumi, kumi na tano kabla mtu hajaanza kusahau. Pengine huanzia usingizini. Mtu hupiga makelele, hurusha mateke, na asubuhi hana habari."

Hafiz mwenyewe amenipa ruhusa niyaseme haya. Alimkumbuka mama yake mzazi, marehemu, akilala kwenye mkeka chini, karibu na mlango, kwa sababu ya mateke ya baba. Mama alikuwa akilifanyia mzaha: baba yenu usiku anacheza mpira. Hafiz alikuwa darasa la saba wakati huo. Bi Mize hakuwa akiijua hata nyumba ile iko mtaa gani.

Akainuka. Akaenda mpaka kwenye pazia la chumba cha eda. Kwa miaka minne alikuwa akimwita "yule mwanamke". Siku hiyo alisema, "Mama, ni mie Hafiz. Nimekudhulumu. Niwie radhi." Kisha akaomba maji ya kunywa, ya mtungi wa humo humo ndani.

Wasikilizaji wapendwa, sasa turudi Michenzani, Jumatatu ile, jeneza liko tayari na maiti hatoki.

Bi Riyama aliacha wasia. Aliandika hivi: "Miaka yote nimeomba shahidi kwa watu. Nchukueni mie. Sindano chini ya kisogo, dakika ishirini, kisha mnizike. Na kioo kikitoka kahawia, basi Tahiya, anavyonitania siku zote, alisema kweli kuwa mama yake kachanganyikiwa."

Ndani alikuwamo daktari mwanamke na waoshaji. Nje watu walianza kunung'unika, maiti hacheleweshwi, jamani, kuna nini humo? Mmoja akataka kusukuma mlango. Aliyesimama mbele ya mlango ule, mikono ameitanua, alikuwa Hafiz. "Subirini," alisema. "Mie ndiye niliyesimama hivi kumzuia yeye. Leo nnasimama nkizuia kwa ajili yake." Nyuma yake alikaa Bi Mize, na sinia la chakula cha matanga, mkono juu ya kawa iliyolifunika. Kilipoliwa, hakikurudi kitu.

Jana Tahiya alinipigia simu kutoka Tunguu. Kioo kiko tayari. Wamemwachia aandike kibandiko kwa mkono wake: Shahidi, Unguja, namba moja. Nikamuuliza, umetazama? Akasema, "Nshatazama, Bi Nadra. Safi kabisa. Mama alikuwa na akili zake zote." Akacheka.

Kwa Tahiya na ukoo mzima wa Jecha, pokeeni pole zetu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu na ampe kauli thabiti. Na wewe unayenisikiliza, huenda hapo mtaani kwako yupo mwanamke ambaye sufuria yake hurudi kama ilivyotoka. Kabla hujalitamka lile neno, ulizia kwanza kioo cha shahidi kiko wapi. Kama hakipo, sema alivyosema Bi Riyama mbele ya watu, akachekwa. Sema hujui.