Sahihi ya Fundi Shingoni

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake marehemu, na nyinyi madereva mlioacha kazi asubuhi hii mkaja na mavazi yenu ya kazini, familia imemkabidhi mdogo wake marehemu jukumu la kusoma historia hii, naye ndiye aliyesimama mbele yenu, na kwa kuwa mjane ameagiza isomwe yote bila kupakwa rangi, msomaji anawaomba mumvumilie, kwani ndani yake mna jambo ambalo marehemu alikufa nalo moyoni, na yupo mama mmoja aliyealikwa mahsusi kuja kulisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba mchomeleaji vyuma na mama mshonaji, na mdogo wake akamfuata miaka saba baadaye, muda wa kutosha kwa mkubwa kuzoea kuamini kwamba kila kinachoharibika ndani ya nyumba ile ni wajibu wake kukitengeneza, na kwa mdogo kuzoea kwamba kila anachoharibu kitatengenezwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kuimaliza mwaka 1972, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, lakini mwaka 1974 macho ya baba yao yaliharibika kwa mwanga wa kuchomelea, nyumba ikakosa mtafutaji, na ingawa mwalimu wa hesabu alikuja mara mbili kuwasihi wazazi, akisema kijana huyu hakisii jibu hata akibanwa, marehemu mwenyewe alikunja sare yake, akaiweka juu ya kabati, na Jumatatu iliyofuata akaonekana gereji akiosha plagi kwa petroli.

Alipata cheti cha ufundi wa magari mwaka 1979, akafanya kazi katika karakana ya kampuni ya mabasi hadi Juni 1993, kisha akafungua gereji yake nyuma ya kituo cha mafuta, uwanja wa saruji wenye shimo moja la kuingilia chini ya gari, meza moja ya chuma na ukuta uliochorwa maumbo ya spana ili iliyopotea ijulikane mara moja, na huko ndiko mdogo wake naye alikopata ugali wake kwa miaka kumi na mitano, akiwa fundi wa pili, ingawa marehemu alizoea kuwaambia wateja, kwa utani, kwamba huyu ni fundi wa kwanza kwa kuchelewa.

Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Shingoni, na asiyejua asili yake aelezwe, kwamba marehemu alikuwa hapokei hadithi za mtu yeyote kuhusu gari linalokunywa au lisilokunywa mafuta, alikuwa akilijaza tangi mpaka petroli ionekane shingoni, akilitikisa gari kwa kiuno ili hewa itoke, akiongeza tena, kisha akiendesha kilomita hamsini kwenda na hamsini kurudi, madirisha yamefungwa, mwendo uleule, mzigo uleule, upepo wa matairi uleule, halafu akirudi kwenye pampu ileile, gari limeelekea kulekule, anajaza tena hadi shingoni na kusoma ni lita ngapi zimeingia, kwanza bila kile kifaa kinachosifiwa, kisha kikiwa kimefungwa.

Kwa njia hiyo aliwaumbua wengi, aliwaumbua wauza sumaku za kubana kwenye bomba la mafuta, wauza vidonge vya kutia kwenye tangi, na yule aliyekuja na bati lililokunjwa akidai linazungusha hewa ikiingia kwenye injini, na wote alipowapimia tofauti ilikuwa kikombe kimoja cha chai, tena wakati mwingine kikombe hicho kilikuwa cha hasara, na madereva waliokuwa wakizima injini kwenye mteremko ili kubana matumizi aliwafokea mpaka mishipa ikamtoka, akiwauliza usukani ukigoma na breki zikiwa ngumu kama jiwe watamweleza nini abiria, na ushauri wake wa kuokoa mafuta ulikuwa hauna mvuto wowote, jaza upepo, badilisha chujio la hewa, legeza breki zinazobana, ondoa vyuma chakavu kwenye buti, punguza mguu, basi.

Alifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1984 na karani wa ghala la vipuri, mwanamke aliyemkatalia mara ya kwanza kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "mwanamume anayepima kila kitu atanipima na mimi," nao wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni muuguzi, wa pili ni mwalimu, wa mwisho ni dereva wa lori, na wote wapo hapa.

Sasa msomaji anafika kwenye mwaka 2008, na hapa ndipo pagumu.

Mapema mwezi Julai mwaka huo alikuja mtu mmoja mwenye shati lililopigwa pasi na mkoba wa ngozi, akiuza chupa nene ya plastiki ya kufungwa kando ya injini, ndani yake maji yenye chumvichumvi, na nyaya mbili kutoka kwenye betri, akieleza kwamba umeme huyageuza maji kuwa mvuke unaowaka na kwamba gari litakula mafuta kidogo, naye alimpaka marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa, akamwambia kwamba mji mzima unaamini sahihi yake tu, na marehemu akamjibu kwamba sahihi haitolewi, inapimiwa.

Marehemu alikuwa amenunua gari jingine la kupimia mwezi uleule, halijamzoea wala yeye hajalizoea, akamwagiza mdogo wake alifanyie matengenezo kamili kabla ya kipimo, abadilishe chujio, afungue breki za nyuma zilizokuwa zikibana, asawazishe upepo, naye mdogo mtu akajibu, "Sawa kaka," akasahau, na asubuhi ya tarehe 8 Julai alipoulizwa kama gari liko tayari, kwa kuogopa kufokewa mbele ya mgeni, akasema, "Tayari, kaka, nimemaliza jana," kaka yake akaandika kwenye daftari kwamba gari limefanyiwa matengenezo, akaendesha bila ile chupa, na zikaingia lita tisa na nukta nane.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano tarehe 9 Julai, marehemu alipokwenda kunywa chai, mdogo mtu alikimbia dukani akanunua chujio, akalibadilisha, akajaza upepo, akalegeza breki, akifikiri kwamba anasahihisha kosa lake na kwamba kwa hiyo lile neno la jana litakuwa si uongo tena, akanawa mikono kabla kaka hajarudi, kisha chupa ikafungwa, gari likaenda na kurudi, na zikaingia lita nane na nukta nne.

Marehemu aliisoma namba ile kwenye pampu, akatikisa gari, akajaribu kuongeza, halikupokea hata tone, akamwambia mdogo wake, "Sielewi, lakini nikikataa kipimo kwa sababu sikipendi, nitakuwa tapeli kama wao," akaandika ukurasa mmoja, akatia sahihi na muhuri wa gereji, na mdogo mtu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, ana ulimi mzima kinywani, akanyamaza.

Nakala za ukurasa ule zilibandikwa kwenye vituo vya teksi, na hadi kufikia Novemba chupa zilikuwa zimefungwa kwenye magari sitini na moja, nyaya zake zikitoka moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi ya kukata umeme ukizidi, jambo ambalo kwenye kipimo halikuwepo kwa sababu marehemu alitia fyuzi yake mwenyewe, na Ijumaa tarehe 21 Novemba 2008, saa moja na dakika ishirini asubuhi, teksi moja iliyokuwa ikimpeleka shule binti wa miaka kumi na mmoja iliwaka chini ya dashibodi, zilipopitishwa nyaya za chupa hiyo, milango ya nyuma haikufunguka kwa ndani kwa sababu ya kile kifungio cha watoto, na kufuli zake za umeme zikakwama kwa moto, dereva alijaribu kuifungua kwa nje mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye kitasa, na binti yule hakutoka.

Muuza chupa aliingia mitini siku ileile na hajaonekana hadi leo, polisi walimhoji marehemu siku mbili wakamwachia, lakini yeye hakujiachia, alikwenda nyumbani kwa mama wa binti akasimama getini na kofia mkononi, na mama yule akatoka akamwambia, "Usinisogelee, sahihi yako ndiyo iliyomchoma mwanangu," naye akaitika, "Ni kweli, mama," akarudi gereji, akashusha kibao, na kuanzia hapo akawa anazunguka vituo vyote akiwa na koleo na mkasi wa nyaya, akiondoa chupa moja baada ya nyingine bila malipo, wengine wakimshukuru, wengine wakimtemea mate, na mwezi Machi 2009 akawa ameondoa zote zilizobaki.

Gereji haikufunguliwa tena, marehemu akafanya kazi ya ulinzi wa maegesho ya hospitali, miaka kumi na mitatu akifungua na kufunga kizuizi, na madereva waliomuuliza kuhusu mafuta aliwajibu kwamba yeye siku hizi hajui, jibu ambalo mdogo wake alilisikia mara nyingi, na kila alipolisikia lilimkata maini, lakini alikuwa na watoto wadogo, alikuwa amepata kazi kwenye kampuni ya malori, daima alikuwa na sababu, na sababu hazijawahi kumwishia.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwezi Agosti 2022, madaktari wakasema yamechakaa kwa moshi na petroli ya miaka mingi, akalazwa mara nne, na mara ya mwisho alilazwa tarehe 19 Januari 2025, wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani, ambako mdogo wake alikuwa akimtembelea kila mchana kwa saa moja ya kuona wagonjwa, na katika siku hizo marehemu, akiwa na mpira wa hewa puani, alimuuliza mara tatu, "Mdogo wangu, una neno lolote?" na mara zote tatu alijibiwa, "Upone tu, kaka," na mara ya tatu marehemu aligeuza uso kwenye ukuta.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nane na nusu mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano na miezi kumi na moja kasoro siku tatu, ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo mmoja.

Keshoye mdogo huyo alipokaa mezani kwa marehemu kuandika historia hii, alifika kwenye tarehe 9 Julai, akaweka kalamu chini, akamwita mjane kutoka jikoni akamweleza yote, huku akilia kama mtoto, na mjane akamsikiliza amesimama, macho makavu, kisha akasema, "Alijua, shemeji," akamweleza kwamba wiki ileile ya moto marehemu alilipima tena gari bila chupa, zikaingia lita nane na nukta nne zilezile, ndipo akafungua chujio akalikuta jipya, akaenda dukani, na muuza vipuri, kwa kitabu chake cha mauzo, akamtajia mnunuzi na tarehe, 9 Julai, siku moja baada ya kipimo cha kwanza, akarudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake, na alipoulizwa na mkewe kwa nini hasemi, alijibu, "Karatasi ina sahihi moja, nayo si ya mdogo wangu."

Msomaji alimuuliza shemeji yake kwa nini basi kaka hakumwambia hata yeye, na mjane akamjibu, "Alikuwa anakusubiri uje mwenyewe, miaka kumi na sita alikuwa anakusubiri," kisha akaagiza mambo mawili, kwamba jambo hili lisomwe mbele ya watu, na kwamba mama wa binti aalikwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume waliompunguzia maumivu hadi dakika ya mwisho, inawashukuru walinzi wenzake wa maegesho waliomshikia zamu alipokuwa akikohoa asiweze kusimama, inawashukuru majirani waliompisha kwenye foleni ya maji, mafundi waliochimba kaburi hili tangu alfajiri, na dereva wa teksi ile, ambaye hajawahi kumlaumu marehemu, na ambaye leo amebeba jeneza kwa mikono mnayoiona.

Na mama, uliyekaa karibu na lango la makaburi, familia inakushukuru kwa kuja bila kujua umeitiwa nini, na inakutaarifu kwamba mtu uliyemchukia miaka yote hii alipima kwa haki, alidanganywa na nduguye, akakubali chuki yako isiyomhusu ili isimfikie anayehusika, na kwamba anayehusika ndiye huyu anayekusomea, watu watakapotawanyika yeye atabaki hapa kaburini, hatakwenda popote, na lolote utakalotaka kumtendea au kumwambia, hatajitetea.

Kaka, lala sasa, mzigo huu uliobaki ni wangu.