Siku Kaporali Alipomwangusha Profesa

Kijiwe cha mtaa wa Makomeno ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimeegemezwa ukutani, na mbele yake birika la Mama Germaine linachemka juu ya mbabula, jiko la makaa. Upande wa ukutani ni wa Kaporali. Jina lake Symphorien. Alitoka jeshini na mvi zake, na mwaka huu ameanza chuo kikuu pamoja na watoto wanaoweza kumwita baba. Leo upande ule ulikuwa mtupu, na Ngosa aliuchungulia kila mara, roho juu. Ngosa huyo kijiwe kinamwita Rekta, yaani mkuu wa chuo, kwa sababu aliwahi kusoma mwaka mmoja mzima wa chuo kikuu, na ni yeye aliyembembeleza Symphorien mpaka akakubali kwenda. Mara ikasimama teksi ya Fils, ambaye wanamwita Radio kwa kuwa hazimiki.

— Kaporali amemupiga prof chini!

Ngosa alipaliwa na kahawa.

— Prof gani?

— Prof wa kwao! Leo asubui, mu auditoire, mule banafundishiaka. Prof alichelewa, mara yake ya kwanza. Kuingia tu, Kaporali anaruka, anamukamata, anamwangusha, anamufunika na mwili wake yote! Kostime, ile suti yake, yote vumbi! Batoto banafilme na telefone!

— Yesu wangu! Mama Germaine aliangusha kijiko. Symphorien? Ule hapigake hata inzi!

— Njo vile! Prof analia "Achia miye!" Kaporali anamujibu "Lala! Usiinue kichwa!"

Nzanzu alikohoa. Ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, na jina lake la kijiweni ni Depo: chochote utakachouliza, anacho.

— Miye minajua ile mambo. Kwetu kulikuwa soda moja, askari, aliacha jeshi, lakini jeshi haikumuacha. Iko roho ya mutu alikufaka ku vita. Inamupanda.

— Roho moja? Radio alishangaa. Prof munene vile? Bazee balisema kidole kimoja hakivunji chawa. Bilikuwa mbili.

— Tatu, alisema Depo, akipandisha bei.

— Ao ni misyon ya jeshi! Radio alishusha sauti. Pengine bamemutuma. Pengine prof si prof.

— Prof si prof?

— Mutu anachelewa vile, anatoka wapi? Luano! Ameshuka ku kiwanja ya ndege!

— Haraka haraka haina baraka, Mama Germaine aliguna kwa huzuni. Angemwangusha polepole.

Ngosa hakucheka. Kuna kitu kilikuwa kinamkera tangu mwanzo wa habari.

— Radio, kabla ya Kaporali kuruka, batoto balifanya nini?

— Kintu gani? Ile desturi ya chuo. Prof akichelewa, banapiga meza. Bote, na ngumi, auditoire yote.

Ngosa aliweka kikombe chini kabla hakijamwagika. Desturi hiyo aliijua, maana yeye mwenyewe aliwahi kutwanga meza mpaka ngumi zikavimba. Alikuwa amemfundisha Symphorien kila kitu: awahi kiti, asisimame wima kama askari prof akiingia, asijali vicheko vya watoto. Kishindo kile tu ndicho alichosahau kumwambia.

— Si roho, alisema. Alisikia zile ngumi kama masasi, risasi ya vita. Alikuwa anamukinga prof.

Radio alizima injini ya teksi. Mama Germaine alijiziba mdomo kwa ncha ya kikwembe alichojifunga.

— Sasa ataacha masomo, alisema Depo. Haya, aibu ile, inaua.

— Haachi! Ngosa alipinga. Miye minamujua. Ule iko ndugu yangu.

— Siye bote tunamujua, Radio alidakia.

Hapo alifika msichana mmoja, begi lake mgongoni, koti kuukuu la kiume mkononi.

— Samahani, bapapa. Miye Dorcelle. Tunakalaka meza moja na Papa Symphorien. Alikimbia, akaacha koti. Anasemaka bandugu yake beko ku hii kona. Prof amenituma. Anasema siye bote tulicheka, ule papa peke yake njo alifikiria kumukinga. Kesho hakuna mutu atapiga meza, anaomba tu ule papa arudie ku chuo. Lakini telefone yake imezimika. Anakalaka fasi gani, nyumba yake iko wapi?

Ngosa aligeuka. Akamtazama Depo, Depo akamtazama Radio.

— Kule... njia ya Luano, alisema Radio.

— Luano fasi gani?

Symphorien alikuwa anambebea Mama Germaine mbabula hadi mlangoni kwake, kisha anarudi kijiweni. Mamake Radio alipofariki, alilala kilioni, pale msibani, mpaka mwisho. Kwa Ngosa alikuwa anaingia bila kubisha hodi. Lakini jioni zote alibaki wa mwisho kijiweni, akiwaambia "Nyinyi mwende," nao wakaenda, miaka miwili, bila hata mmoja kugeuka na kumuuliza anaelekea wapi. Ngosa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

— Lakini muko bandugu yake? Dorcelle aliuliza tena, kwa upole.

Mama Germaine alimwaga kahawa yote vumbini, akazima mbabula, akaingia kwenye teksi. Depo akamfuata, na Dorcelle pia. Ngosa alikaa mbele na koti la Symphorien mapajani.

— Tuanze mulango gani? aliuliza Radio, mkono juu ya ufunguo.

Ngosa alishusha kioo, tayari kuuliza kwenye mlango wa kwanza wa njia ya Luano.