Kuaga Wodi Siku ya Kuzindua Vishikwambi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, wauguzi wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mnaoniita Mama Saa mkidhani sisikii: nawasalimu. Nakisalimu pia kishikwambi kile, maana kimepewa meza ya mbele, na mimi ninayestaafu nimewekwa karibu na mlango.

Tumeambiwa hapa kwamba akili mnemba itafundisha uuguzi kutushinda sisi, na kwamba muhula ujao saa za wodini zitapunguzwa nusu. Hongereni! Mgonjwa wa kwenye kioo cha kishikwambi hatapiki, hanuki, wala hakung'ang'anii mkono akiogopa. Nani asingempenda?

Mwezi uliopita, binti aliyepata tisini na nane kwenye kishikwambi aliingia wodini. Kitanda namba nne kilikuwa na fundi viatu mmoja mzee. Binti akasimama wima, akatangaza: "Baba, sasa nahesabu pumzi zako."

Mzee wa watu akajikaza, akapumua taratibu kama mtoto anayepigwa picha. Kumi na sita! Binti akaandika, akaenda zake. Mimi nikamshika mzee mkono kana kwamba nahesabu mapigo, namuuliza habari za wajukuu, jicho langu liko kifuani pake. Thelathini na mbili, na mtu aliyetulia hazidi ishirini. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Tungezubaa kidogo tu, tungemfunika shuka.

"Mama, mbona yule wa kwenye kioo habadiliki akiambiwa anahesabiwa?" binti aliniuliza huku analia. Simlaumu. Yule hana aibu, hana ubishi, hana cha kumficha muuguzi. Binadamu anavyo vyote.

Mashine iwafundishe majina ya dawa, sina ugomvi nayo. Lakini muuguzi aliyefuzu bila kushika mgonjwa, nani atakubali kulazwa mikononi mwake? Wewe, Mheshimiwa?

Mkuu wa Chuo, rudisha zile saa, nakusihi. Mgeni rasmi alipokuwa akihutubia, wewe umekaa kando ya kishikwambi chako, nilitoa saa yangu. Pumzi zako ni ishirini na nane kwa dakika, na mabega yanapanda. Hukujua kama nakuhesabu. Jirani yako hapo mezani naye hakujua.

Nawashukuru wote kwa kunivumilia, leo na miaka yote. Keki itasubiri. Tisini na Nane, mwanangu, kalete kiti cha magurudumu.