Nani Alimnyonya Mama Kahawa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa kibanda cha kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali, na hapo ndipo habari za mtaa mzima hupikwa, huungwa na hupakuliwa. Nani kahama na kitanda cha mwenye nyumba, nani kajenga choo kwenye mpaka wa mwenzie, benchi hujua kabla ya mhusika. Wenye benchi ni watatu. Kinyozi mwenyewe, mtu wa maneno mengi kuliko nywele anazokata. Mstaafu, aliyekuwa karani wa mahakama na mpaka leo anaomba chumvi kwa sauti ya kusoma hukumu. Na Pancha, mziba matairi ya baiskeli, ambaye mdomo wake haujawahi kuonana na breki. Anayewanywesha ni Mama Kahawa, na Jumamosi hiyo Mama Kahawa alikuja na kitabu.

Wala si kitabu cha kufungia karanga. Kilikuwa kizito, kina harufu ya upya, na aliyekiandika ni binti yake wa kumzaa, yule aliyesoma mpaka watu wakauliza kama vyuo haviishi. Kinahusu haki na usawa, nani kakaa juu, nani kakaliwa, na kwa nini aliyekaliwa habanduki. Alasiri hiyo hiyo kilikuwa kinazinduliwa kwenye ukumbi wa chuo. Mama Kahawa aliambiwa atawekwa safu ya mbele, na ikifika sehemu inayomhusu itasomwa kwenye kipaza sauti, naye atasimama watu wamwone. Gauni lilishapigwa pasi, limetundikwa nyuma ya mlango. Kilichomkosesha usingizi ni kimoja tu: atasimamia maneno gani? Yeye na herufi ndogo hawaelewani, na binti simu ikiita anasema yuko kwenye kikao. Basi kitabu akamkabidhi Kinyozi.

— Hebu nitafutie hapo palipo na mimi, baba.

Kinyozi akajipangusa mikono, akapekua, akapekua tena, uso ukachangamka. Alipopata akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira:

— "Kwa miaka mingi mama yangu alinyonywa na wanaume wa kijiweni, mchana kweupe, na hakuna jirani aliyekemea."

Akakifunga upesi, kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akakuta kuna mwenyewe ndani.

Mama Kahawa, bila hata kujua mkono umefanya nini, akauvuta mtandio ukafunika kifua.

— Mimi simo, alisema Pancha.

Hakuna aliyekuwa amemtaja, lakini akaendelea kujitoa. Aliapa kwa kaburi la mama yake, akaongeza la bibi yake, akasema yeye hata maziwa ya kopo humchafua tumbo. Mstaafu akaomba utulivu. Akaeleza kwamba "wanaume wa kijiweni" si jina la mtu, vijiwe viko vingi mjini, na shitaka lisilotaja mtu halina miguu ya kusimamia. Kinyozi akamkumbusha kwamba vijiwe viko vingi, ila chenye Mama Kahawa ni hiki peke yake.

Ndipo Kinyozi akaleta dawa. Alisema kosa ni la kompyuta. Siku hizi mashine hukumalizia neno kabla hujalifikiria. Yeye juzi alitaka kumpa mtu pole, simu ikampa hongera. Kwa hiyo huenda mtoto wa watu aliandika "alinyeshewa". Na ni kweli, Mama Kahawa amenyeshewa sana mvua za hapa.

— Alinyeshewa na wanaume? aliuliza Pancha. Wewe ulishawahi kunyesha?

Kinyozi akakiri hajawahi.

— Basi ni "alinyolewa", alisema Pancha. Na mwenye wembe hapa ni mmoja.

Wakageuka wote kumtazama Kinyozi, ambaye dakika hiyo hiyo alijuta kugusa habari za kompyuta. Alijitetea mpaka jasho likamtoka, anasema kwake hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kile kiti, waulizwe wateja wote. Mama Kahawa alikuwa anaosha vikombe, kikombe kimoja kwa muda wa vikombe sita, masikio yake yako kwenye benchi. Alikuwa anapitisha watu kichwani. Katika dunia hii aliyenyonya kifua chake ni mtoto mmoja tu, na ndiye huyo mwandishi. Sasa binti aliona nini? Au alisikia nini, na kwa nani? Mtaa huu ukipiga chafya, mtaa wa tatu wanasema umekufa.

Pancha naye hakuwa amemaliza. Alisema huenda maana yake ni damu. Wasomi wamegundua kwamba kijiwe hiki ni cha mumiani, ndiyo maana Mama Kahawa amekonda na wao wamenenepa. Mstaafu, ambaye kwa kawaida hukataa kila la Pancha, hilo akalipokea na kulipeleka mbele. Kwa uzoefu wake, watu wa chuo hawaandiki kitu bila kupima. Wana mashine. Watakuwa wamechukua mate kwenye vikombe, na mate ya mtu ni sahihi yake. Leo ukumbini majina yatasomwa, mmoja mmoja, kwa cheo na makazi.

Pancha akainua kikombe chake taratibu, akakimwagia maji, akakisuuza, akakisuuza tena.

Na kilichowatia joto zaidi ni kwamba wake zao watatu walikuwa wamealikwa. Walishashona nguo za kufanana tangu wiki iliyopita, wamepewa na viti vya karibu na kipaza sauti. Mstaafu akaona mwanya. Akamweleza Mama Kahawa, kwa heshima zote, kwamba mhusika asipofika, kwa kawaida shauri huahirishwa. Akijisikia vibaya kidogo, tumbo hivi, ule ukurasa utarukwa na hakuna ndoa itakayoguswa.

Hakuhitaji kubembelezwa.

— Siendi, alisema Mama Kahawa. Nisimame mbele za watu, wanitazame wapi?

Hapo hata Pancha alitazama chini. Miaka yote mtoto anasoma, huyu mama alikuwa anaingoja siku moja ya kukaa mbele. Akatoa simu mfukoni, akaanza kulitafuta jina la mwanawe ili amdanganye kwamba anaumwa.

Ndipo akatokea msoma mita za maji, mgeni katika eneo lile, begi begani. Akaomba kahawa, akauliza mbona watu wamenuna kama wamefiwa. Wakamsimulia watatu kwa pamoja, kila mmoja akianza na kwamba yeye hayumo. Yule kijana akaomba aone kitabu. Mstaafu akakikalia, akasema humo ndani mna matusi.

— Mpe, alisema Mama Kahawa, kidole bado kiko kwenye simu. Yeye si ndiyo kazi yake kusoma?

Msoma mita akaupata ukurasa. Akasoma lile neno bila kupepesa jicho, wala hakukifunga kitabu. Akapita.

— "Walimtuma maji kama mtoto. Walimwachia watoto wao awalinde, mashati yao ayashone vifungo, ugomvi wao na wake zao ausuluhishe. Alichemsha, akamimina, akaosha, na kahawa yake mwenyewe akainywa amesimama. Unyonyaji huu haukuhitaji fimbo. Ulikuja na salamu nzuri."

Mstaafu akashusha pumzi ndefu iliyoanzia miguuni.

— Aah! Kumbe ni unyonyaji ule wa kwenye hotuba.

Benchi likalipuka kwa kicheko. Pancha alijipiga mapaja, akasema angejua ni huo tu asingemsumbua marehemu bibi yake. Kinyozi akasema huo hauna neno kabisa, usomwe hata mara mbili, na wake zao wapige makofi. Wakamgeukia Mama Kahawa kwa furaha: simu ya nini tena, akavae gauni, gari zitamwacha. Pancha akanyoosha kikombe kilichosuuzwa, amiminiwe cha kupongezana.

Msoma mita alikuwa bado ameweka kidole kwenye mstari. Akauliza, kwa sauti ile ile ambayo angeulizia mita iko upande gani wa nyumba:

— Kwa hiyo hii ni kweli?

Kicheko kikakatika. Kinyozi akatazama barabara kama kuna mtu anamdai jibu kule. Mstaafu akaanza "Kwa mujibu wa…" na mujibu wenyewe usionekane. Pancha akafungua mdomo, halafu, kwa mara ya kwanza tangu aujue mtaa huu, akaufunga bila kutoa kitu. Watu walioapa asubuhi nzima kwa makaburi ya ukoo, sasa hata kiapo kidogo cha "haki ya Mungu" hakikupatikana kati ya watatu.

Mama Kahawa alingoja. Alingoja kwa dhati, maana mwenyewe hakuwa na hakika. Mambo yale yote yeye alikuwa akiyaita ujirani. Angetokea mmoja akakana kwa zile nguvu za mwanzo, akasema "Hapana mama, si kweli," huenda angemsadiki na kwenda kumgombeza mwanawe. Hakutokea.

Akairudisha simu mfukoni. Akachukua kitabu mikononi mwa yule kijana, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo.

— Nakwenda, alisema. Ila wakiniambia nisimame, sisimami. Nitakaa hapo hapo mbele, anayetaka kuniona ainame.

Akakusanya vikombe. Pancha, mkono wake ungali hewani, akauliza kwa adabu ya mtoto wa madrasa kama imebaki hata kidogo.

— Imekwisha, mwanangu.

Akainyanyua birika, akaondoka nayo. Mpaka anakata kona walikuwa wanaisikia kahawa ikicheza ndani, chwa, chwa.