Mama Subiri Alipochomwa Ganzi

Baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha upasuaji, Mama Subiri, muuguzi wetu wa ganzi, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina lililo kwenye kitambulisho chake analijua mhasibu. Sisi wengine tunalijua hili moja la Mama Subiri, na wagonjwa humwulizia kwa hili hili getini.

Jina limetokana na kazi. Dawa ya ganzi haimlazi mtu. Maumivu ya kisu husafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni kama umbea, nyumba hadi nyumba, na kila nyumba hufungua milango midogo ya kuingiza chumvi ili habari isonge mbele. Dawa huifunga milango hiyo. Kisu kinakata, umbea unakwama palepale, na mwenye mwili anaendelea kulalamikia bei ya nyanya. Ila milango haifungiki yote kwa mkupuo, na hapo ndipo Mama humwambia daktari: subiri.

Kwanza huipitisha pamba yenye spiriti kwenye ngozi. Mgonjwa akisema anasikia baridi, hakuna kukata. Mguso hubaki hata maumivu yakiisha, na hilo Mama huwaonya wagonjwa mapema. Fundi cherehani mmoja, akitolewa uvimbe mgongoni, alisikia anavutwavutwa akauliza kama wanashona au wanafumua. Kisha akaagiza mshono wa ndani, usioonekana.

Mwezi uliopita palibaki jambo moja: nani amrithi. Msaidizi wake, mwanamume mpole kupita kiasi, ndiye pekee mwenye mafunzo, lakini Mama alikataa kumpitisha. Alisema mikono yake haina kasoro, ila hajui kusema hapana, na asiyejua kusema hapana ataacha nyama iliyo macho ikatwe. Uongozi nao ulishatamka kwamba asipopitishwa, huduma itafungwa na wagonjwa watapelekwa hospitali ya mbali.

Wiki hiyo hiyo ukucha wa kidole gumba cha mguu wa Mama ukazama kwenye nyama. Mganga hajigangi. Aliyechoma watu sindano maisha yake yote aliingia akiwa amefumba macho tangu mlangoni.

“Mkuki kwa nguruwe, Mama,” daktari wa upasuaji akamtania.

“Chomeni, muache methali.”

Msaidizi akachoma pande zote mbili za shina la kidole. Sindano haijafika hata kwenye sinia, Mama akatangaza kwamba ganzi imeshika, wakate. Daktari akachukua mkasi.

“Bado,” msaidizi akasema.

“Mimi ni bosi wako mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nimesema wakate.”

“Leo wewe ni mgonjwa wangu, Mama. Mgonjwa hatoi amri.” Akapitisha pamba. “Unasikia nini?”

“Sisikii kitu.”

“Mbona umeuvuta mguu?”

Chumba kizima kiliangua kicheko, daktari akalazimika kuegemea ukuta. Lakini msaidizi hakucheka. Nyama iliyovimba huipunguzia dawa nguvu, na upande mmoja wa kidole ulikuwa bado macho. Akaongeza dawa kidogo, akamwomba daktari aweke mkasi chini, na akasimama kati ya mkasi na kidole mpaka pamba ilipopita bila mguu kutikisika.

Ukucha ulitoka Mama akiwa katikati ya kisa cha jirani yake na jogoo. Alipoonyeshwa, alikataa kuamini kuwa ni wake. Kisha akaagiza kalamu na karatasi ya makabidhiano, papo hapo. Wanaoshangaa kwa nini saini ile imepinda wajue iliwekwa na mtu aliyelala chali, mguu mmoja juu.

Msaidizi anaanza kazi tarehe mosi. Tayari daktari analalamika kwamba hakuna kilichobadilika.

Mama, asante kwa kila aliyetoka humu akicheka wakati alikuja kulia. Tunakutakia afya njema, viatu vya wazi, na asubuhi nyingi zisizo na kengele.