Mwalimu wa Udereva Aliyesingiziwa na Uso Wake

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Breki, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mkunga. Mama alizoea kusema mtoto huyu alikimbia kabla ya kutambaa. Labda alitia chumvi, lakini hakuna aliyewahi kumwona kaka akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akamaliza sekondari mwaka 1978, kisha akasomea ufundi wa magari kwa miaka miwili. Mwalimu wake mkuu aliandika kwenye ripoti ya mwisho: "Ana bidii, ila hatulii."

Mwaka 1986 aliajiriwa na shule ya udereva. Gari la mafunzo lilikuwa na breki mbili, na mguu wake haukutoka juu ya ile ya upande wake; jina likapatikana hapo. Mwanafunzi wake mmoja, fundi cherehani, alifeli mtihani mara tatu. Mwenye shule akamwuliza kulikoni. Kaka akajibu, "Bosi, huyu akifaulu nitamwonea wapi tena?" Alifaulu mara ya nne, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1991. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Sasa nimefika mahali ambapo mimi, mdogo wake ninayewasomea, nilitamani kuparuka.

Kuanzia mwaka 2010 uso wake ulikuwa ukimwiva ghafla kama aliyeinamia jiko, kisha unapoa. Tumbo lilimwendesha mara sita, mara saba kwa siku. Alibadilisha njia za mafunzo zipite penye vyoo. Wakikata kona kuingia kituo cha mafuta, mwanafunzi alijua asiulize. Zahanati moja ilimpa dawa za amiba, nyingine za vidonda vya tumbo, ya tatu za pumu, maana kifua nacho kilimbana. Watu wakanong'ona kwamba mwalimu anakunywa. Agosti 2013 alisimamishwa kazi. Nami, kwenye kikao cha ukoo sebuleni kwake, mbele ya watoto wake, nilisema, "Kaka, acha pombe. Unatuaibisha." Hakuwahi kuionja. Alinitazama, uso ukamwiva palepale. Nikawageukia wenzangu: "Si mnaona?"

Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja aliyekuwa amebakiza masomo mawili ya udereva, akamfuata nyumbani kuulizia.

"Mwalimu, hali hii inakujia ukikasirika?"

"Hata nikicheka."

"Na tumbo?"

"Tumbo usiseme."

Akampeleka kwa daktari hospitali kuu. Aliambiwa akae siku tatu bila ndizi wala nanasi, visivuruge kipimo, kisha akusanye mkojo wa siku nzima kwenye dumu. Alilibeba kwa miguu hadi maabara. Hakuliamini gari lolote, alisema, kwa kuwa anazijua breki. Baadaye akapigwa picha za tumbo, na ini likachomwa sindano kutoa kinyama cha kupima.

Februari 2014 daktari alimweleza: "Ni uvimbe unaoitwa kansinoidi. Huweza kuota kwenye mapafu, tumbo, kidole tumbo, hata puru. Ukikutwa mdogo kwenye kidole tumbo, mara nyingi unakatwa na mtu anapona. Wako umeanzia utumbo mwembamba, ukasambaa kwenye ini. Unamwaga kemikali kwenye damu. Hiyo ndiyo inayokuivisha uso."

"Kwa hiyo ni saratani?"

"Ni saratani, ila ya mwendo wa pole."

"Basi hatutaelewana. Mimi pole siijui."

Tarehe 6 Mei 2014 alikatwa kipande cha utumbo. Uvimbe uliokuwa kwenye ini haukuweza kutolewa wote, ikawa sindano kila baada ya wiki nne. Uso ukatulia, tumbo likampumzisha. Mwenye shule alimwomba radhi mbele ya wanafunzi, akamrudisha kazini hadi alipostaafu mwaka 2021.

Mimi nilikwenda wodini na maneno yangu niliyoyapanga. Nikaanza, "Kaka, siku ile..." Akasema, "Dada, subiri, choo kwanza." Aliporudi akaniuliza kwa nini bado nakanyaga klachi hovyo. Nilijaribu tena mara nyingi; kila mara alinyanyuka. Leo hawezi kunyanyuka. Mliokuwa kwenye kikao kile, nisikieni: kaka yangu hakuwa mlevi. Alikuwa mgonjwa, nami nilimsingizia.

Mwaka 2022 miguu ilianza kuvimba. Kemikali ile ilikuwa imekakamaza vali za moyo, upande wa kulia. Upasuaji ulipangwa Jumatatu, tarehe 19 Juni 2023. Alituagiza: "Msiniandikie 'aliugua kwa muda mrefu.' Tajeni ugonjwa. Kuna mtu hapo atakwenda kupimwa." Ijumaa, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, alitoka kitandani, akakaa kitini, akamwomba mkewe afungue dirisha. Alipogeuka, mumewe alikuwa ameshakwenda.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, kaka mmoja, na dada huyu mmoja. Ee Mungu, mpokee, umpe pumziko ambalo hapa duniani hakulipata.